UZI: Samaki wa kuoka na sosi ya pasheni na ukwaju, wa Arusha na Moshi tukutane hapa

SakinaJikoni (#1)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna uzi mmoja humu watu wanabishana kwamba samaki wa kuoka hana ladha, eti bora akaangwe aelee kwenye mafuta. Nisingependa kuwachafulia uzi wao, nimefungua wangu. Hoja yangu ni moja tu: samaki wa kuoka akipakwa sosi ya matunda anamzidi wa kukaanga, ila wengi wanaomjaribu wanatanguliza utamu. Utamu unakuja mwisho kabisa, dakika za lala salama.

Niko Arusha. Samaki wetu huku, kama mnavyojua, ni sato na sangara wa Mwanza wanaofika na barafu, sato wa kufugwa kwenye mabwawa ya huku huku, na wa baharini wanaopanda kutoka Tanga na Dar. Mimi natumia sato mzima, kwa sababu ngozi inamlinda nyama isikauke na mifupa inaongeza ladha. Mnofu wa sangara nao unafaa, nitaueleza wakijitokeza wanaoutaka.

Anza na sosi. Kwa sato wawili wa kama nusu kilo kila mmoja, chukua pasheni 8 zilizoiva hadi ganda limekunjamana, kamua na uchuje mbegu. Ukwaju wa kujaa kiganja uloweke kwenye nusu kikombe cha maji ya moto, uvuruge kwa vidole, uchuje. Changanya vyote kwenye sufuria ndogo, ongeza asali vijiko 2 vya chakula, tangawizi ya kukwaruza, punje 2 za kitunguu saumu zilizopondwa, chumvi, na pilipili mbuzi moja nzima bila kuipasua. Hiyo pilipili ni ya harufu, ikipasuka mtalia. Chemsha kwa moto mdogo hadi ibaki kama theluthi. Chovya kijiko, pitisha kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki wazi, epua. Ikipoa itazidi kuwa nzito, kwa hiyo usisubiri ikauke kwenye moto.

Samaki mwenyewe: paa magamba, tumbua, toa matamvua, osha, kisha MFUTE MAJI kwa kitambaa safi nje na ndani. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Samaki mwenye maji anachemka kwenye trei, haokeki, na sosi inamtelezea yote inaishia chini. Mchanje mistari mitatu kila upande hadi kisu kiguse mfupa. Chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu, mafuta kidogo. Mimi hapa sitii kitu kitamu hata tone.

Tandika vitunguu vya duara kwenye trei, mlaze juu yake asigusane na bati. Oveni iwe imeshapata moto, nyuzi 200, moto wa juu na chini. Sato wa nusu kilo anachukua kama dakika 20. Zikibaki 8 mtoe, mpake sosi, rudisha. Zikibaki 3 au 4 mpake tena. Akitoka, mpake mara ya mwisho akiwa bado wa moto.

Sababu ya kuchelewesha ni hii. Sukari ya kawaida inaanza kuungua na kubadilika rangi kwenye nyuzi 160 na kidogo. Ile sukari ya kwenye matunda na asali inaanza mapema sana, nyuzi 110 hivi. Oveni yako iko 200. Ukimpaka asali mwanzoni, ngozi inakuwa nyeusi na chungu wakati mgongoni bado mbichi, halafu mnasema samaki wa oveni hana ladha.

Karibuni.

ngoja_waje (#2)

Bila picha huu uzi hauna mashiko.

Kibosho_Juu (#3)

Samaki na pasheni? Mangi, hiyo si mboga, hiyo ni juisi imeangukiwa na samaki. Sisi huku kwetu samaki ni nyanya, kitunguu na bizari, basi. Matunda ni baada ya kula.

TangaKwetu (#4)

Kibosho_Juu punguza munkari kaka. Nyie watu wa milimani mmeanza kula samaki juzi 😄

Huku pwani samaki wa kupaka yupo miaka yote: unamchoma kwenye mkaa, unapika tui zito na ukwaju au ndimu, pilipili, kitunguu saumu, unampaka huku unamgeuza. Ukwaju ni tunda. Embe bichi kwenye mchuzi wa samaki ni tunda. Ndimu unayomkamulia huyo sato wako kila siku umeiweka kundi gani?

Mleta uzi yuko sahihi, na hata utaratibu wake ndio ule ule wa kupaka: samaki anaiva kwanza, kinachopakwa kinakuja baadaye. Ningemshauri jambo moja, aongeze vijiko vitatu vya tui zito kwenye sosi ikishapungua. Ukali wa pasheni unatulia.

SakinaJikoni (#5)

TangaKwetu shukrani, nitakuongezea hapo: tui liingie moto ukiwa mdogo kabisa na usiache lichemke kwa nguvu, kwenye uchachu wa namna ile linakatika. Asiye na nazi atie siagi kijiko kimoja akishaepua, sosi inang'aa.

Kibosho_Juu hatugombani. Ila ukila nyanya na samaki tayari umekula tunda lenye uchachu na sukari, tofauti ni jina la kundi tu.

ngoja_waje, nikitupia picha mtauliza trei nimenunua wapi.

ChaliiWaNjiro (#6)

Arif, mimi pasheni sina hamu nazo. Naweza kutumia nanasi? Mshkaji wangu alimlaza sangara kwenye nanasi la kusagwa tangu usiku, asubuhi alikuta uji. Kweli kabisa, unachota na kijiko. Muuza samaki anaapa samaki alikuwa mzima.

MezaYaMaabara (#7)

Muuza samaki msamehe, huenda hana kosa. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachoitwa bromelaini, kazi yake ni kukatakata protini. Nyama ya ng'ombe ngumu inavumilia kwa muda, lakini nyama ya samaki haina zile nyuzi nzito, inamalizwa haraka. Papai bichi nalo lina cha kwake, papaini, ndiyo maana watu wanaliweka kwenye nyama ngumu.

Dawa ni moto. Ukilichemsha nanasi kwanza kile kimeng'enya kinakufa, na sosi ya mleta uzi inachemshwa kwa vyovyote, kwa hiyo nanasi la kupikwa halina shida. Hata juisi ya nanasi ya kopo imeshapitishwa kwenye joto.

Ndimu na ukwaju ni habari nyingine. Hapo ni asidi, inaigandisha protini ya juu, unaona nyama inageuka nyeupe kama imeiva. Akikaa humo saa nzima anakuwa mkavu na mgumu akifika kwenye oveni. Ndimu dakika 10 hadi 15, inatosha. Na ieleweke kwamba kule kugeuka mweupe hakuui minyoo wala vijidudu vyote, moto bado unahitajika.

ChaliiWaNjiro (#8)

Kwa hiyo jamaa alimmeng'enya kabla ya kumla. Poa, nimekusoma.

MamaWawili_Majengo (#9)

Jamani na sisi tusio na oveni? Niko Moshi, nina jiko la mkaa na la gesi la plate mbili. Nikisoma nyuzi 200 naona kama mnanitania.

BibiWaRau (#10)

Mwanangu, keki za harusi zimepikwa kwenye mkaa mji huu kabla oveni za umeme hazijaingia kwenye nyumba za watu. Samaki atashindikana vipi?

Tafuta sufuria nzito yenye mfuniko wa bati ulio bapa. Ndani weka kijiwavu au vipande vya bua la mgomba, samaki asiguse chini. Lipashe sufuria likiwa tupu na mfuniko wake. Chini acha makaa machache, yale yaliyoshika majivu. Makaa mengi yapalie juu ya mfuniko. Watu wanakosea hapo, wanaweka moto wote chini, samaki anaungua tumbo mgongo ukiwa mbichi.

Samaki mfunge kwenye jani la mgomba. Huku Moshi jani halinunuliwi, omba kwa jirani. Lipitishe juu ya moto kidogo lilegee lisipasuke, lipake mafuta, mlaze samaki, funga. Akikaribia kuiva fungua jani, mpake hiyo sosi yenu ya kisasa, rudisha mfuniko na makaa mapya juu. Moto wa juu ndio unaoikausha ikashika.

Jani lina harufu yake nzuri, na halina matatizo ya foili.

MamaWawili_Majengo (#11)

Asante sana bibi, shikamoo. Foili ina matatizo gani tena?

BibiWaRau (#12)

Marahaba mwanangu. Vitu vichachu vikikaa kwenye foili vinaitoboa vitobo vidogo na chakula kinapata ladha ya chuma. Ukwaju, ndimu, nyanya, vyote. Kama huna jani tandika karatasi ya kuokea ndani, foili ibaki nje.

MtuWaMwanga (#13)

Nauliza kuhusu perege. Sisi tunakula wa Nyumba ya Mungu tangu bwawa limejengwa miaka ya 1960, wazee wetu waliona maji yanajaa. Ni watamu, lakini kuna wakati unapata mwenye harufu ya tope, hata umkaange vipi. Hii sosi itaifunika au ndiyo tunapoteza pasheni?

MezaYaMaabara (#14)

Hiyo harufu inatokana na kitu kinachoitwa jeosmini, kinatengenezwa na vijidudu vya kwenye maji na matope, kinamwingia samaki kupitia matamvua na kujificha kwenye mafuta yake. Ndicho hicho hicho kinachotoa harufu ya udongo mvua ya kwanza ikinyesha. Pua ya binadamu inakinasa hata kikiwa kidogo mno.

Jeosmini inavunjika kwenye asidi. Kwa hiyo ukwaju na ndimu hazifuniki harufu tu, zinaipunguza kweli. Kwa samaki wa namna hiyo toa ngozi na ile nyama nyeusi ya ubavuni, ndiko harufu inakolala, muoshe kwa maji ya ndimu na chumvi dakika chache, halafu endelea. Wafugaji makini wanamhamishia samaki kwenye maji safi yanayopita, bila chakula, siku kadhaa kabla ya kumuuza. Ukinunua sato wa bwawani, muulize muuzaji kama kafanya hivyo. Akikuangalia kwa mshangao, umeshapata jibu.

MtuWaMwanga (#15)

Kumbe. Sisi tulikuwa tunasema ni perege wa kiangazi.

Shemeji_Himo (#16)

Dada yangu kafuata maelezo ya #1 jana, juu imekuwa nyeusi tii na ndani damu. Oveni ni ile ndogo ya mezani. Tatizo nini?

SakinaJikoni (#17)

Shem, oveni ndogo za mezani vyuma vya moto viko karibu sana na chakula. Trei ashushe ngazi ya chini kabisa, na moto wa juu auzime hadi muda wa kupaka ufike. Pia amwangalie samaki aliyetumia: kama alikuwa wa barafu na hakuyeyuka vizuri, katikati anabaki wa baridi hata nje akiungua. Samaki wa barafu anayeyushiwa kwenye friji kuanzia usiku, si kwenye beseni la maji ya moto.

Namna ya kupima: ingiza ncha ya kisu pale penye nyama nene nyuma ya kichwa. Nyama ikiachana na mfupa kwa mapande na haina tena ule mng'ao wa kioo, ameiva. Mwenye kipimajoto, nyuzi 63 katikati. Na dakika zangu 20 ni za sato wa nusu kilo. Wa kilo na zaidi huyo ni habari nyingine, unene ndio unaoamua muda, si urefu.

Kibosho_Juu (#18)

LUKU yenu inalipwa na nani?

FundiUmeme_USA (#19)

😂 Kaka, oveni ya wati 2000 ikiwaka mfululizo nusu saa inakula uniti moja. Na haiwaki mfululizo, ikifika joto inajizima na kuwaka yenyewe. Hata pasi ya familia nzima asubuhi nayo inakula umeme. (USA ni Usa River, msinitumie maombi ya viza.)

ChaliiWaNjiro (#20)

Na huu mwinuko wetu? Nasikia huku juu chakula kinachelewa kuiva.

MezaYaMaabara (#21)

Kinachochelewa ni cha kuchemsha. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, Moshi kama 97. Ndiyo sababu maharage yanakula mkaa huku kuliko Tanga. Oveni ukiiweka 200 ni 200 popote, kwa hiyo muda wa samaki haubadiliki kiasi cha kukusumbua.

DadaWaKaloleni (#22)

Mama yangu ana kisukari, na nina mtoto wa miezi tisa anaanza kula. Hii wanaweza?

SakinaJikoni (#23)

Dada, mtoto usimpe hii. Asali hapewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kidogo, hata ikiwa imepikwa, kwa sababu inaweza kuwa na vimelea vya sumu kali ambavyo tumbo lake haliviwezi. Mtolee kipande cha samaki kabla ya kupaka, kisicho na chumvi, kagua miiba kwa vidole.

Kwa mama: sosi ikipunguzwa, maji ndiyo yanayoondoka, sukari yote ya pasheni inabaki. Acha asali, ongeza ukwaju, tangawizi na pilipili, mpakie safu moja nyembamba. Kiasi anachoruhusiwa mtaalamu wake wa kliniki ndiye anayejua.

TangaKwetu (#24)

Nami niongeze kwa wanaonunua jodari. Akishakaa nje ya barafu muda mrefu anatengeneza kitu kinachowasha mwili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga. Moto haukiondoi hicho kitu, na sosi tamu ndiyo kabisa, inakuficha dalili. Ukihisi ulimi unachoma kama pilipili na hukuweka pilipili, acha kula. Msidanganywe na matamvua mekundu peke yake, bonyeza nyama, shimo lirudi.

Kibosho_Juu (#25)

Haya. Tuseme nimeipika. Nakula na nini? Maana hiyo na ugali siioni.

SakinaJikoni (#26)

Hapo tumekubaliana kwa mara ya kwanza. Ugali unataka mchuzi wa kuchovya, hii ni sosi ya kushika samaki. Mimi nakula na ndizi za kuchoma au wali mweupe usio na mbwembwe, na kachumbari yenye ndimu nyingi. Viazi mviringo pia, vioke trei hiyo hiyo ila vitangulie dakika 25.

MtuWaMwanga (#27)

Napinga. Ugali na perege wa kuoka ni haki ya kila mtu wa Mwanga. Vile vitunguu vya chini ya samaki vimeshaloa sosi na mafuta, hivyo ndivyo mchuzi wako. Viponde kwa mwiko, ongeza maji ya moto kidogo, umeshapata pa kuchovya.

SakinaJikoni (#28)

Sikuwahi kuwaza kuviponda. Nimenyamaza.

MamaKipaimara (#29)

Hongereni wana jukwaa. Desemba watu wote wanapanda nyumbani, na mimi nina kipaimara cha binti Kirua, wageni si chini ya 40. Mbuzi yupo, machalari yapo, ila nina wageni wa mjini wasiokula nyama nyekundu, kama 12. Nafikiria hawa samaki. Nitafanyaje wasipoe na wasikauke huku misa haijaisha?

BibiWaRau (#30)

Hongera mama, Mungu amsimamie binti. Usitumie samaki wazima, mgeni aliyevaa suti hataki kupambana na miiba. Chukua minofu ya sangara, ikatwe minene, yote iwe unene mmoja.

SakinaJikoni (#31)

Namuunga mkono bibi. Mama, sosi ipike siku mbili kabla, ukwaju na asali vinaitunza vizuri kwenye friji. Desemba embe zimeshaanza kushuka bei, kwa hiyo pasheni ziwe nusu, nusu nyingine embe lililoiva lililopondwa na kuchujwa. Embe ni tamu peke yake, punguza asali, zidisha ukwaju, na ujue inaungua upesi zaidi kuliko pasheni kwa sababu ya ule uzito wake.

Asubuhi futa minofu maji, ipake chumvi na mafuta, ipange kwenye trei mbili, irudi kwenye friji ikiwa mbichi. Usioke kabla ya misa. Mtu mmoja abaki nyumbani na simu. Padri akianza matangazo, oveni iwashwe. Wageni wakishuka kwenye magari, trei ziingie, zibadilishane nafasi katikati. Mnofu mnene wa vidole viwili unaiva kwa dakika 12 hadi 15, sosi ipakwe zikibaki 5. Hotuba za kabla ya chakula zitakupa muda zaidi ya huo.

Kibosho_Juu (#32)

Kirua si mbali na kwetu. Mama, hiyo kipaimara ni tarehe ngapi?